Prizi yenye joto: tuchunguze umeme wa nyumba zetu na wa makanisa yetu

Nyumba inapoungua katika mitaa yetu ya Bukavu, Goma, Uvira au Bunia, mara nyingi jibu la kwanza ni fupi: «Ni umeme.» Neno hilo likisha kusemwa, mazungumzo yanaisha. Majirani wanachanga nguo na sufuria, kanisa linakusanya sadaka ya msaada, mabati mengine yanatafutwa, na baada ya miezi michache waya ule ule mwembamba unapigiliwa tena kwenye mbao mpya. Tunausema umeme kama tunavyoisema radi, kana kwamba umeshuka wenyewe wala hakuna mkono wa mtu ndani yake.

Ndugu na dada wapendwa, umeme wa nyumbani hauko hivyo. Karibu kila mara moto wake una mahali ulipoanzia: prizi iliyolegea, waya uliobebeshwa mzigo kuliko nguvu zake, kiungo kilichofungwa kwa skochi, pasi iliyosahauliwa. Mahali hapo pangeweza kuonekana mapema, na mara nyingi pangeweza kutengenezwa kwa pesa kidogo. Ndiyo sababu tunataka kueleza, kwa maneno ya kila siku, mambo ambayo kila jamaa inaweza kuyaangalia nyumbani kwake, na ambayo wazee wa kanisa wanaweza kuyaangalia katika nyumba ya ibada.

Joto linatoka wapi

Umeme wa nyumba zetu unakuja kwa nguvu ya volti 220. Kila chombo kina namba ya wati, iliyoandikwa chini yake au mgongoni. Ukigawanya wati kwa 220, unapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita ndani ya waya. Taa ndogo ya wati 10 haichukui hata nusu ya sehemu ya kumi ya ampea moja. Redio na chaja ya simu huchukua kidogo vilevile. Lakini resho ya wati 1500 inachukua karibu ampea 7, na birika la umeme la wati 2000 linachukua karibu ampea 9. Vyombo vyote vinavyotoa joto (resho, pasi, birika, hita ya maji) ndivyo vinavyobebesha waya mzigo mkubwa.

Waya ni kama njia. Njia nyembamba haiwezi kupitisha umati wa watu bila kusukumana, na ndani ya waya, kusukumana huko ni joto. Joto hilo tena halipandi polepole: umeme ukiongezeka mara mbili katika waya ule ule, joto linaongezeka mara nne. Hiyo ndiyo sababu ralonji iliyobeba televisheni na taa kwa miaka mitatu bila shida inaweza kuyeyuka siku moja tu, mama alipochomeka resho kwa sababu makala yalikuwa yamepanda bei.

Kwa hiyo tukumbuke vipimo vitatu. Waya wa taa uwe na milimita mraba 1.5. Waya wa prizi uwe na milimita mraba 2.5. Jiko kubwa la umeme linahitaji waya mnene zaidi, unaotoka moja kwa moja kwenye disjonkteri yake lenyewe. Ralonji nyingi za bei ndogo zina waya wa milimita mraba 0.75, ralonji ya namna hiyo isibebe zaidi ya ampea 6, yaani wati 1300 hivi. Resho au birika havifai kuwekwa juu yake. Na ralonji isitumiwe ikiwa bado imeviringwa, kwani joto linakosa pa kutokea.

Prizi na fishi

Kongo tulirithi prizi ya kizungu yenye matundu mawili ya mviringo. Iliyo kamili ina pia kijiti cha chuma kinachotokeza katikati: hicho ndicho cha ardhi, na fishi yake ina tundu la kukipokea. Lakini bidhaa zetu zinatoka pande nyingi. Wafanyabiashara wa Butembo, Beni na Bunia wanaleta vyombo kupitia Uganda, wengine kutoka Dubai, na vingi vina fishi ya Kiingereza yenye meno matatu ya bapa. Fishi hiyo haiingii katika prizi yetu. Hapo ndipo hatari zinapoanza.

Wengine wanakata fishi na kuingiza nyaya uchi ndani ya matundu, kisha wanazikaza kwa njiti ya kiberiti. Waya uliokazwa hivyo unagusa kwa sehemu ndogo tu. Umeme unaruka, cheche zinatoka, na njiti yenyewe ni kuni. Tena, fishi ya Kiingereza ina fyuzi ndogo ndani yake inayolinda waya wa chombo. Ukiikata, umeondoa ulinzi huo. Wengine wanavunja kile kijiti cha ardhi ili fishi nyingine iingie. Chombo kitawaka kweli, lakini kuanzia siku hiyo hakuna kitu kinachomlinda anayekigusa.

Njia nzuri ni kununua adapta imara, yenye njia ya ardhi, au kumwomba fundi aweke fishi nyingine inayofaa. Adapta isipandishwe juu ya adapta, wala ralonji isichomekwe ndani ya ralonji. Kila kiungo ni mahali pengine ambapo joto linaweza kuzaliwa.

Prizi mbovu inatoa dalili kabla haijawaka. Fishi inacheza au inaanguka yenyewe. Plastiki inageuka rangi ya kahawia. Kuna harufu kama ya samaki au ya plastiki inayoungua. Kuna sauti ndogo kama ya mafuta yanayokaangwa. Ukichomoa fishi, meno yake yana joto. Ukiona moja tu ya dalili hizi, usiendelee kutumia prizi hiyo hata kwa chaja. Zima umeme penye disjonkteri kuu, na uite fundi.

Waya bandia na viungo vya skochi

Sokoni kuna nyaya zinazoonekana kama shaba lakini ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Zina bei nzuri, na ni nyepesi mkononi. Tatizo ni kwamba aluminiamu haipitishi umeme vizuri kama shaba, kwa hiyo waya wa unene ule ule unapata joto zaidi, na viungo vyake vinalegea kwa muda. Kabla ya kununua, omba kukwaruza ncha kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo si shaba.

Mahali pa hatari kuliko pote ni kiungo. Nyaya mbili zikisokotwa kwa vidole na kufunikwa kwa skochi, zinashika leo, lakini joto na baridi vinazilegeza. Skochi inakauka na kubanduka. Katika nyumba ya mbao, kiungo hicho kimelala juu ya ubao uliokauka kwa miaka mingi chini ya mabati. Haihitajiki cheche kubwa. Viungo vyote vifanywe kwa domino zenye skrubu zilizokazwa vizuri, ndani ya kasha la plastiki, mahali ambapo fundi anaweza kupafikia. Nyaya zinazopita ukutani pa mbao ziwekwe ndani ya bomba la plastiki. Zisipigiliwe misumari, zisipite chini ya zulia wala chini ya mkeka, na zisikae karibu na jiko.

Kuna pia desturi ya waya unaotoka nyumba moja kwenda nyingine: kompteri ni moja, lakini jamaa tano au sita zinakula juu yake. Tunajua sababu zake. Kuunganishwa kunagharimu, na kungoja ni kurefu. Lakini waya uliopimwa kwa nyumba moja sasa unabeba mzigo wa nyumba sita, na hakuna hata mmoja anayejua jumla yake. Ikiwa hakuna njia nyingine kwa sasa, basi jamaa hizo zikae pamoja, zihesabu wati zao, zipatane kwamba resho na pasi hazitumiwi kwa wakati mmoja, na zichange kwa ajili ya waya mnene na disjonkteri kwa kila nyumba.

Disjonkteri na waya wa ardhi

Wengi wanafikiri disjonkteri ni adui anayekata umeme bila sababu. Kumbe ni mlinzi wa mlangoni. Inapoanguka, inasema kwamba mzigo umezidi au waya umegusa mahali pasipofaa. Anayeiondoa na kuunganisha moja kwa moja, au anayeweka msumari mahali pa fyuzi, amemfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele usiku.

Lakini kuna jambo ambalo hata watu wenye disjonkteri hawalijui. Disjonkteri ya kawaida ya ampea 16 inalinda waya, haimlindi mtu. Mwili wa mtu unaanza kushindwa kuachia waya kwenye ampea 0.01 hivi, na ampea 0.03 zinaweza kuvuruga pumzi na moyo. Huo ni umeme mdogo kuliko unaowasha ile taa ya wati 10. Mtu anaweza kufa huku disjonkteri ya ampea 16 ikiwa imetulia, kwani kwake hakuna mzigo wa kushangaza.

Anayemlinda mtu ni disjonkteri ya namna nyingine, inayoitwa diferansieli, ya miliampea 30. Inapima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Ikiona kuna unaopotea njiani, labda kupitia mwili wa mtoto, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi: isipoanguka, imekufa na inatakiwa kubadilishwa.

Mwenzake ni waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano. Unaunganisha mwili wa chuma wa pasi, friji au resho na fimbo iliyozikwa ardhini. Waya wa ndani ukikatika na kugusa chuma, umeme unakimbilia ardhini na disjonkteri inaanguka, badala ya kungoja mkono wa mtu. Kwenye mawe ya volkano ya Goma kuingiza fimbo hiyo ni kazi ngumu, na mafundi wengine wanaiacha. Tusikubali iachwe. Vyombo vyenye alama ya mraba ndani ya mraba, kama chaja nyingi za simu, havihitaji ardhi. Vingine vyenye mwili wa chuma vinaihitaji.

Umeme unapokatika na unaporudi

Bukavu inategemea mitambo ya mto Ruzizi: Ruzizi I iliyoanza mwaka 1958, na Ruzizi II ya mwaka 1989, ambayo tunaigawana na Rwanda na Burundi. Goma inapokea pia umeme wa mtambo wa Matebe, kule Rutshuru, uliozinduliwa Desemba 2015. Mitambo hiyo haitoshi kwa miji iliyojaa watu, na delestaji ni sehemu ya maisha yetu.

Hatari ya delestaji haiko gizani. Iko katika kurudi. Dada anapiga nguo pasi saa kumi jioni, umeme unakatika, anaiacha pasi juu ya meza na kwenda sokoni. Umeme unarudi saa mbili usiku, nyumba imefungwa, pasi inaanza kupata joto juu ya nguo. Resho yenye sufuria tupu inafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo iwe sheria ya nyumba, na watoto waijue: umeme ukikatika, kwanza chomoa pasi, resho na birika, kisha ndipo utafute mshumaa. Acha taa moja tu ikiwa wazi ili ikuonyeshe umeme umerudi. Friji na televisheni zingoje dakika chache kabla ya kuchomekwa, kwani mara nyingi nguvu inarudi ikipanda na kushuka.

Ndani ya nyumba ya ibada

Makanisa yetu yamekuwa na vyombo vingi: ampli, baffle kubwa, kinanda cha koro, mikro, projekta. Mara nyingi vyote vinakula kwenye ralonji moja inayopita chini ya miguu ya waimbaji. Mwimbaji akisema «mikro inanipiga», wengine wanacheka. Tusicheke. Mikro inayopiga midomo inaonyesha kwamba ampli au kinanda havina ardhi, au kuna waya ndani uliogusa chuma. Zima vyote kabla ibada haijaendelea.

Maji yanazidisha hatari, kwani ngozi iliyolowa inapitisha umeme kwa urahisi zaidi. Tarehe 30 Oktoba 2005, huko Waco, Texas, Marekani, mchungaji Kyle Lake mwenye miaka 33 alipigwa na umeme akiwa ndani ya maji ya ubatizo aliposhika mikro, akafa. Lilikuwa kanisa la Kibatisti, siku ya Bwana, mbele ya washiriki wake. Anayebatiza kisimani asishike mikro ya waya. Mwingine asimame mbali, mahali pakavu, asome na kutangaza.

Jenereta, ambayo wengi tunaiita grupu, iwekwe nje kabisa, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Mafuta yasimiminwe ikiwa ingali inafanya kazi. Na kamwe isiunganishwe na nyumba kwa waya wenye fishi mbili za kiume uliochomekwa prizini. Umeme wa grupu unaweza kutoka kupitia kompteri, ukafika kwenye transfoma ya mtaa, na hapo ukapandishwa hadi maelfu ya volti. Fundi aliyepanda nguzo akijua hakuna umeme anaweza kuuawa na kanisa linaloimba. Inahitajika swichi ya kugeuza, inayoruhusu njia moja tu kwa wakati mmoja.

Ajali ikitokea

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima disjonkteri kuu. Ukishindwa, simama juu ya ubao mkavu na umwondolee waya kwa kijiti kikavu au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui, mlaze chali juu ya sakafu na ukandamize katikati ya kifua kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayejua kupuliza pumzi aweke mbili baada ya kila mikandamizo 30. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Hata aliyeamka na kusema «niko salama» apelekwe hospitali, kwani moyo unaweza kuvurugika baadaye, na jeraha dogo la ngozi linaweza kuficha kuungua kwa ndani.

Moto ukitoka kwenye prizi au chombo, usimwage maji kabla ya kukata umeme. Kata kwanza, kisha tumia mchanga au kizimamoto cha unga. Moto ukikushinda, toa watu, acha vitu.

Waya wa barabarani ukianguka, hesabu kwamba una umeme hata kama umelala kimya. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa nguvu kubwa ulikatika na kuanguka penye maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake waliokuwa katika shughuli za soko. Kaa mbali angalau mita kumi, zuia watoto, na ikiwa uko karibu nao, ondoka kwa hatua ndogo sana bila kuitenganisha miguu, kwani ardhi yenyewe inaweza kuwa na umeme.

Ukingo wa nyumba

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba anatakiwa kuizungushia dari yake ukingo, kusudi anayepanda asianguke. Sheria hiyo haikungoja mtu aanguke kwanza. Tena haikumwachia mgeni kazi ya kujiangalia. Iliiweka juu ya mwenye nyumba. Katika mitaa ambamo ukuta wa mbao wa nyumba moja unagusa ukuta wa nyingine, kiungo kibovu cha kwangu ni paa la jirani. Anayekitengeneza anamlinda mtu ambaye huenda hata hawasalimiani.

Makanisa yetu yana mafundi wa umeme kati ya washiriki. Tunapendekeza kila parokia iwaombe Jumamosi moja tu. Asubuhi waanze na nyumba ya ibada: prizi, ralonji za koro, grupu, waya wa ardhi, na majibu yaandikwe kwenye daftari la kamati ya ujenzi. Mchana wapite kwanza kwa wajane, wazee na jamaa zilizokimbia vita, ambao mara nyingi wamepanga vyumba vyenye nyaya mbaya kuliko zote. Penye hitaji la domino tano au mita chache za waya, mfuko wa huruma unaweza kulipa. Ni gharama ndogo kuliko mabati tunayonunua baada ya moto.

Na leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja apitishe mkono wake mkavu karibu na prizi za nyumba yake. Ile yenye joto ichomolewe, na fundi aitwe kesho.